Dag Hammarskjöld na ndege ya mafunzo iliyotawala anga ya Katanga

USIKU wa kuamkia Septemba 18, 1961, taa za uwanja wa ndege wa Ndola, katika iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini na ambayo leo ni Zambia, zilikuwa zikiwaka kwa ajili ya mgeni mmoja. Mgeni huyo alikuwa Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa (UN). Ndege yake ilipita juu ya uwanja mwendo wa saa sita na dakika kumi za usiku, rubani akaarifu kwamba ameziona taa, kisha kimya kikatanda.

Aliyekuwa akimngoja ni Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga na Kongo. Walikuwa wazungumzie kusitishwa kwa mapigano. Hata hivyo, Katibu Mkuu hakusafiri kwa njia ya mkato. Ndege yake ilizunguka mbali upande wa mashariki, redio ikiwa imenyamazishwa na ratiba yake ya safari ikiwa imeandikishwa kwa jina la mji mwingine kabisa. Kilichomlazimisha mkuu wa shirika la mataifa yote duniani kujificha hivyo ni ndege ndogo ya viti viwili, iliyoundwa Ufaransa kwa kazi moja: kuwafundisha vijana kurusha ndege za jeti.

Hammarskjöld alizaliwa Julai 29, 1905 mjini Jönköping, Uswidi, akiwa mtoto wa nne wa kiume wa Hjalmar Hammarskjöld. Baba huyo aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa Uswidi kuanzia 1914 hadi 1917, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na kwa miaka mingi alikuwa gavana wa Uppsala. Kijana Dag akakulia katika ngome kongwe ya mji huo, nyumba ambamo utumishi wa serikali ulichukuliwa kuwa wito, na siyo ajira ya kujipatia riziki tu.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Uppsala, kisha akajipatia shahada ya uzamifu ya uchumi mjini Stockholm. Alipotimu umri wa miaka 31 tayari alikuwa mmoja wa wakubwa wa Wizara ya Fedha, na kuanzia 1941 hadi 1948 aliongoza bodi ya Benki Kuu ya nchi yake. Baadaye alihamia Wizara ya Mambo ya Nje, na mwaka wa 1951 akaingia katika baraza la mawaziri bila kujiunga na chama chochote cha siasa. Hakuoa. Muda wake wa faragha aliutumia kusoma mashairi, kupanda milima na kuandika daftari la tafakuri zake, ambalo wengi hawakujua lipo hadi alipokwisha kufariki.

Mwaka wa 1953 mataifa makubwa yalikuwa yakitafuta mtu wa kumrithi Trygve Lie wa Norway, aliyekuwa amekorofishana na Wasovieti. Walitaka mtumishi makini, asiye na makuu, ambaye angeshughulika na mafaili na kuwaachia wao siasa. Hammarskjöld akaonekana ndiye. Aliapishwa Aprili 10, 1953, na haikuchukua muda mrefu kabla ya waliomteua kugundua kwamba hawakumfahamu vyema.

Januari 1955 alikwenda Beijing kuzungumza na Zhou Enlai kuhusu wanahewa 11 wa Marekani waliokuwa wamefungwa nchini China, nchi ambayo wakati huo serikali yake haikuwa na kiti UN. Wanahewa hao waliachiliwa Agosti mwaka huo. Mwaka uliofuata, Uingereza, Ufaransa na Israel zilipoivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, yeye pamoja na Lester Pearson wa Canada waliunda kwa siku chache tu kikosi cha kwanza cha askari wenye silaha wa kulinda amani chini ya bendera ya UN. Kofia za samawati ambazo askari wa Kenya wamezivaa tangu hapo katika nchi nyingi zilianzia hapo. Septemba 1957 alichaguliwa kwa kipindi cha pili bila kupingwa.

Wakati huo huo, mafundi wa Ufaransa walikuwa wakikamilisha chombo ambacho kingekuja kumsumbua. Kampuni ya Fouga ilianza maisha yake kwa kukarabati mabehewa ya treni kusini mwa Ufaransa. Baadaye ikaingia katika uundaji wa ndege nyepesi zisizo na injini, ambazo huelea kwa nguvu za upepo. Wabunifu wake wawili, Robert Castello na Pierre Mauboussin, walijaribu kufunga injini ndogo ya jeti juu ya ndege kama hizo, nao wakaona kwamba jambo hilo lawezekana.

Tatizo walilolitatua lilikuwa la kweli. Baada ya Vita Vikuu vya Pili majeshi ya anga yalianza kuachana na ndege za mapanga na kununua za jeti, lakini wanafunzi waliendelea kufundishwa kwa ndege za mapanga. Kijana aliyezoea injini inayoitikia papo hapo alitupwa ghafla katika chombo chenye kasi maradufu, kinachokunywa mafuta kwa pupa na ambacho injini yake huchelewa kuitikia mkono wa rubani. Wengi walikufa wakijifunza. Marekani ilipata suluhisho kwa kuirefusha ndege ya kivita ili iwe na kiti cha pili. Wafaransa waliamua kuunda ndege ya mafunzo ya jeti tangu mwanzo, na kwa hiyo Fouga Magister huhesabiwa miongoni mwa ndege za kwanza kabisa za aina hiyo duniani.

Iliruka mara ya kwanza Julai 23, 1952. Ilikuwa na injini mbili ndogo aina ya Marboré, kila moja ikiwa na nguvu ya msukumo wa takribani kilo 400. Mkia wake haukuwa na umbo la kawaida. Ulikuwa na mapezi mawili tu yaliyoinama kama herufi V. Mwanafunzi aliketi mbele na mwalimu nyuma yake, na kwa kuwa mwalimu hakuweza kuona vizuri mbele, aliwekewa darubini ya vioo kama ile ya nyambizi. Kasi yake ya juu ilifikia takribani kilomita 715 kwa saa. Zaidi ya ndege 900 za aina hiyo ziliundwa, nyingine kwa leseni nchini Ujerumani Magharibi, Finland na Israel. Uganda nayo ilikuja kuwa nazo katika miaka ya sitini, kwa msaada wa Israel. Kenya ilifuata mkondo wa Waingereza. Mwaka wa 1971 ilipokea ndege sita aina ya Strikemaster, uzao wa ndege ya mafunzo ya Jet Provost.

Rubani wa kivita hana budi kujifunza kulenga shabaha, na kwa sababu hiyo Fouga ilifungwa bunduki mbili za rashasha puani, pamoja na nafasi za kuning'iniza mabomu madogo au roketi chini ya mabawa. Ulaya zana hizo zilihesabiwa kuwa vifaa vya darasani. Mahali ambapo adui hana ndege hata moja ya kivita, hesabu hiyo hubadilika.

Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji Juni 30, 1960. Katika muda usiozidi wiki mbili jeshi lilikuwa limeasi, Wabelgiji walikuwa wakikimbia kwa maelfu, wengi wao wakipitia Uganda na kufika hata Nairobi, na Julai 11 Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi huru. Jimbo hilo, ambalo wakazi wa miji yake huzungumza Kiswahili, ndilo lililokuwa na shaba, kobalti na urani. Nyuma ya Tshombe walisimama maafisa wa Kibelgiji, kampuni ya madini ya Union Minière na, baadaye, mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika.

Hammarskjöld aliliitisha Baraza la Usalama, na Julai 14 likaidhinisha kupelekwa kwa askari wa UN. Baada ya muda walikaribia 20,000, wakitoka Ethiopia, Ghana, Tunisia, Morocco, India, Ireland, Uswidi na kwingineko. Lakini palizuka mgogoro kuhusu kazi yao. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alitaka waende Katanga wakaizime dola ya Tshombe kwa nguvu. Hammarskjöld alishikilia kwamba UN haiwezi kuingilia ugomvi wa ndani kwa mtutu wa bunduki. Agosti 12 alikwenda mwenyewe Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, akiandamana na askari wa Uswidi, bila kumshirikisha Lumumba. Waziri Mkuu huyo hakumsamehe.

Yaliyofuata yanajulikana Afrika nzima. Lumumba aliomba msaada wa Wasovieti, akafutwa kazi na Rais Kasavubu, akapinduliwa na Kanali Mobutu, akakamatwa na hatimaye akapelekwa Katanga, ambako aliuawa Januari 17, 1961. Askari wa UN walikuwa nchini humo wakati wote huo. Nikita Khrushchev alimtaka Hammarskjöld ajiuzulu, na katika miji mingi ya Afrika jina lake lilitajwa kwa uchungu. Tuhuma hiyo si ya kufagiliwa chini ya zulia kwa kuwa tu marehemu alikufa vibaya: sheria aliyoishikilia kwa unyoofu ilimwacha kiongozi aliyechaguliwa mikononi mwa maadui zake. Yeye alikataa kujiuzulu, akieleza katika Baraza Kuu Oktoba 1960 kwamba nchi ndogo na changa ndizo zinazoihitaji UN kuliko wakubwa. Nchi hizo zilimshangilia kwa muda mrefu.

Kifo cha Lumumba kilibadilisha msimamo wa Baraza la Usalama. Februari 21, 1961 liliruhusu matumizi ya nguvu kama njia ya mwisho ya kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kutaka mamluki waondolewe. Mwezi huo huo, ndege kubwa ya mizigo ilitua Elisabethville ikiwa na Fouga Magister tatu tumboni mwake. Katanga ilikuwa imeagiza tisa.

Kati ya hizo tatu, moja ilianguka. Nyingine ilinaswa na askari wa UN katika uwanja wa Elisabethville Agosti 28, waliposhika maeneo muhimu ya mji na kuwakamata mamluki. Ikabaki moja, ikifichwa Kolwezi na kurushwa na mamluki.

Septemba 13 majeshi ya UN yalianzisha operesheni nyingine mjini Elisabethville, siku ile ile Hammarskjöld alipowasili Leopoldville, Kinshasa ya leo. Mwakilishi wake Katanga, Conor Cruise O'Brien wa Ireland, alitangaza kuwa uasi umekwisha. Haukuwa umekwisha. Tshombe alitoroka, mapigano yakazuka kila upande, na hadi leo wanahistoria wanavutana kuhusu kiasi ambacho Katibu Mkuu aliarifiwa mapema juu ya operesheni hiyo.

Hapo ndipo Fouga moja iliyosalia ilipodhihirisha uwezo wake. UN haikuwa na ndege yoyote ya kivita Kongo, wala bunduki za maana za kutungulia ndege. Ilikuwa na ndege za kubebea watu na chakula. Fouga iliziunguza ndege hizo zikiwa zimeegeshwa viwanjani Elisabethville na Kamina. Mjini Jadotville, Likasi ya leo, zaidi ya askari 150 wa Ireland wakiongozwa na Pat Quinlan walikuwa wamezingirwa na maelfu ya askari wa Katanga. Fouga iliwamiminia risasi na mabomu mchana, ikawafuata pia wenzao waliojaribu kuvuka Mto Lufira kuja kuwaokoa. Hakuna Mwairishi wa kikosi hicho aliyeuawa, lakini walipoishiwa maji na risasi walijisalimisha Septemba 17.

Ethiopia ilikuwa tayari kutoa ndege zake za kivita aina ya Sabre. Ila ndege za Ethiopia zisingeweza kufika Kongo kwa wepesi bila kupita anga ya makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na kupata mafuta huko. Kenya ilikuwa bado koloni. Jomo Kenyatta ndiyo kwanza ameachiliwa mwezi uliotangulia, na mkoa mzima wa kaskazini uliopakana na Ethiopia ulitawaliwa kutoka Isiolo. Uingereza ilichelewa kutoa kibali. Kilipopatikana, muda ulikuwa umekwisha pita, na ni vigumu kuamini kwamba ucheleweshaji huo ulitokana na urasimu mtupu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumapili, Septemba 17. Hammarskjöld aliamua kukutana na Tshombe ana kwa ana, nje ya Kongo, katika mji wa Ndola uliokuwa chini ya Shirikisho la Rhodesia. Ndege aliyopewa ilikuwa aina ya DC-6 yenye injini nne, iliyopewa jina Albertina, mali ya kampuni ya Transair ya Uswidi. Asubuhi hiyo ilikuwa imepigwa risasi ikitoka Elisabethville. Ilifanyiwa matengenezo Leopoldville, na kwa muda fulani iliachwa uwanjani bila mlinzi.

Iliondoka saa kumi na dakika 51 jioni ikiwa na watu 16. Badala ya kukata moja kwa moja kuelekea kusini-mashariki juu ya Katanga, rubani Per Hallonquist aliipeleka kuelekea Ziwa Tanganyika, kisha akateremka kufuata mpaka. Safari ilichukua zaidi ya saa sita. Ndege hiyo haikuwa na ya kuisindikiza, kwa kuwa hapakuwa na ya kusindikizia.

Ilianguka msituni kama kilomita 15 magharibi mwa uwanja wa Ndola. Uwanjani, maafisa wa Rhodesia na Balozi wa Uingereza, Lord Alport, walisubiri. Alport aliwaambia wenzake kwamba huenda Katibu Mkuu ameamua kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala. Mabaki hayakupatikana rasmi hadi saa tisa na dakika kumi alasiri ya siku ya pili, saa 15 baadaye, licha ya kuwa karibu hivyo na uwanja.

Miili mingi ilikuwa imeungua kiasi cha kutotambulika. Mwili wa Hammarskjöld haukuungua. Ulikutwa nje ya mabaki, karibu na kichuguu. Mtu mmoja alikuwa hai bado: Sajini Harold Julien, mlinzi Mmarekani, aliyekuwa amelala juani mchana kutwa akiwa na majeraha ya moto. Hospitalini alizungumza juu ya mlipuko na cheche angani kabla ya ndege kuanguka. Alifariki Septemba 23. Wachunguzi wa Rhodesia waliyaweka kando maneno yake kwa hoja kwamba yalikuwa ya mgonjwa aliyeweweseka.

Hatima kama hiyo iliwapata wachoma makaa. Msitu ule wa magharibi mwa Ndola ulikuwa na Waafrika waliokesha wakilinda matanuri yao. Baadhi yao walisimulia kwamba waliona ndege ya pili, ndogo zaidi, ikiwa juu ya ile kubwa, na mwanga au moto kabla ya kishindo. Wengine walifika kwenye mabaki alfajiri. Kuna waliofungwa kwa kuchukua humo mashine ya kuandikia ujumbe wa siri, jambo ambalo peke yake linaonyesha kwamba mahali hapo palijulikana na watu saa nyingi kabla ya serikali kudai kupagundua. Tume ya Rhodesia haikuupa uzito ushahidi wao. Katika nchi ambamo Mwafrika alihitaji kibali hata cha kukaa mjini, neno la mchoma makaa lilipimwa kwa mizani yake.

Tume hiyo iliamua mwaka wa 1962 kwamba rubani alikosea, akashuka chini kupita kiasi. Tume ya UN, iliyotoa ripoti yake Aprili mwaka huo, haikukubali kufunga mlango. Ilisema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha uwezekano wa shambulio au hujuma.

Je, Fouga ingeweza? Kwa miaka mingi jibu la kitaalamu lilikuwa hapana, na hoja yenyewe ilikuwa ya mafuta. Kutoka Kolwezi hadi Ndola ni takribani kilomita 430 kwa mstari wa angani, zaidi kidogo ya umbali wa angani kati ya Isiolo na Moyale. Fouga iliweza kwenda kiasi cha kilomita 900 na ushei kabla ya kuishiwa. Kwenda na kurudi kungewezekana kwa shida, lakini kuvizia gizani, kuitafuta ndege isiyotumia redio na kuishambulia kusingewezekana. Tena ilikuwa ndege ya mafunzo, isiyokuwa na rada.

Hoja hiyo husimama tu endapo ndege ilianzia Kolwezi. Ndola iko karibu mno na mpaka wa Kongo, na kusini mwa Katanga kulikuwa na viwanja vingine, baadhi yake vya udongo kama vile ambavyo wakazi wa kaskazini mwa Kenya wamevizoea. Ndege iliyotokana na vyombo vyepesi vya kuelea haikuwa na haja ya lami ndefu. Aidha, Katanga ilikuwa na ndege nyingine ndogo ambazo mamluki walijua kuzifunga silaha.

Suala hili lilifufuliwa na watafiti binafsi. Msweden Göran Björkdahl alikwenda Ndola kuwatafuta mashahidi waliokuwa bado hai, nao, wakiwa wazee, wakasimulia yale yale. Mwaka wa 2011 mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichoyakusanya maswali yote. Tume ya majaji wa hiari ikiongozwa na Stephen Sedley wa Uingereza ilisema mwaka wa 2013 kwamba kuna sababu ya kufungua upya uchunguzi, hasa kwa kuwa mashirika ya ujasusi ya Marekani yaelekea yalikuwa yakinasa mawasiliano ya redio usiku ule. Mmarekani mmoja aliyehudumu katika kituo cha kunasia mawasiliano kisiwani Cyprus alikuwa ameeleza kwamba alisikia sauti ya rubani akisimulia namna anavyoishambulia ndege kubwa.

Kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa Mwafrika Mashariki. Mwaka wa 2015 UN ilimteua Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kuongoza jopo la wataalamu, na baadaye akaachiwa yeye mwenyewe kuendelea. Katika ripoti za 2017, 2019, 2022 na 2024 amezipitia nyaraka kutoka nchi kadhaa. Aliona kwamba inawezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali hiyo, ama kwa kuipiga ndege yenyewe au kwa kumvuruga rubani katika dakika zile za kutua. Alionyesha pia kwamba yale yaliyoaminika kuhusu idadi ya ndege za Katanga, marubani wake na viwanja vyake hayakuwa kamili. Marubani wa Kibelgiji waliotajwa kwa majina miaka hiyo yote wamekwisha kufa, na wapo waliokana tuhuma hizo wakiwa hai.

Ambacho Jaji Othman amelalamikia mara kwa mara katika ripoti zake ni ukimya wa serikali chache, zikiwemo za Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, ambazo anaamini zina kumbukumbu ambazo hazijatolewa.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala Septemba 29, 1961, na miezi michache baadaye akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, ingawa hakuwa hai kuipokea. Daftari lake la tafakuri lilitoka mwaka wa 1963. Halina habari yoyote ya Suez wala ya Katanga. Limejaa maswali ya mtu aliyekuwa peke yake mbele ya Mungu wake. U Thant wa Burma alichukua nafasi yake.

Oktoba 1961, mwezi mmoja baada ya ajali, ndege za kivita za Ethiopia, Uswidi na India zilifika Kongo, na anga ikawa mikononi mwa UN. Katanga ilisalimu amri Januari 1963. Tshombe alirudi kuwa Waziri Mkuu wa Kongo yote mwaka wa 1964, akaenda uhamishoni, na Juni 30, 1967 ndege aliyopanda ikatekwa angani na kupelekwa Algeria, ambako alifia kizuizini Juni 1969.

Fouga Magister nayo iliendelea na kazi iliyoundiwa. Iliwafundisha marubani wa Ufaransa kwa miongo kadhaa na kuwaburudisha watazamaji wa maonyesho ya anga. Mwaka wa 1975 jeshi la anga la Ireland lilipotafuta ndege ya jeti ya kufundishia vijana wake, lilinunua Fouga Magister sita, likazitumia hadi mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati huo wengi wa askari waliozingirwa Jadotville walikuwa wangali hai, na serikali yao ilikuwa bado haijakubali kuwapa nishani.